Miezi sita nachagua all-terrain za rimu 20, mke wangu yuko Milepa ananisubiri

Wakuu, salamu kutoka Kizwite, Sumbawanga, ambako mwezi huu wa nne bado tunalala na mablanketi mawili.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naumaliza. Sijapamba kitu. Anayetaka ushahidi aje aone tope la bondeni lilivyoganda chini ya gari langu, silisafishi kwa makusudi.

Wengine mnanikumbuka. Mwaka jana mimi ndiye yule jamaa niliyekuwa nauliza kila wiki kuhusu all-terrain, tairi za njia mbovu: "A/T gani nzuri kwa SUV yenye rimu 20". Mlinijibu vizuri, wengine mlinikejeli, na mmoja akaniambia nipunguze maswali niende safari. Yule mmoja nilimjibu vibaya. Popote alipo, anisamehe.

Nianzie mwanzo.

Mimi ni fundi seremala. Nina karakana yangu hapa Kizwite, natengeneza milango, vitanda, makabati, na mabenchi ya kanisa yakipatikana. Mke wangu anaitwa Odilia, mwalimu wa shule ya msingi. Watoto hatujajaliwa bado, kwa hiyo akiondoka yeye nyumba inabaki na mimi na redio.

Miaka miwili iliyopita Odilia alihamishiwa Milepa.

Kwa wasioijua Rukwa: sisi wa mjini tuko juu, kwenye uwanda wa Ufipa. Huku ni baridi, mahindi na ulezi, na udongo unaokunywa maji haraka. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana unapita na gari bila wasiwasi. Ukifika ukingoni nchi inakatika, unashuka mlima wa mawe kona kwa kona, halafu unakuta bonde. Joto, tambarare, udongo mweusi. Milepa iko huko.

Siku anahama nilimpakilia kitanda na mabegi kwenye lori, nikabaki. Nilikuwa na oda ya mabenchi ya kigango, yalitakiwa kabla ya Pasaka. Nikamwambia nitakuja nikimaliza.

Mabenchi yakaisha, ikaja oda ya madirisha. Madirisha yakaisha, mvua zikaanza. Akawa anakuja yeye, shule zikifungwa, kwa bodaboda na mgongo unauma. Anakaa wiki mbili, tatu, halafu anashuka tena. Nikimsindikiza stendi narudi nyumbani nakuta kikombe chake bado kina chai kidogo. Kuna siku nilikiacha hivyo hivyo mpaka jioni. Najua mtacheka, chekeni tu.

Mwaka jana mwezi wa tano nikapata gari. Mtu mmoja alikuwa anahama mkoa, akaniuzia SUV yake, chuma cha juu kweli kweli, four-wheel, low range ipo, ile gia ya nguvu ya milimani. Na chini imevaa rimu 20 zinazong'aa, matairi 285/50.

Wakuu, nisifiche, lile gari nililipenda kwa zile rimu. Likisimama nje ya karakana watu wanapunguza mwendo. Nilimpigia Odilia nikamwambia sasa nitakuwa Milepa kila wikiendi. Akasema atanunua kuku.

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi kizuri. Sikufika hata nusu ya mlima. Jiwe lilikata tairi la mbele ubavuni. Nikaweka spea. Kona ya nne jiwe lingine likakata la nyuma. Nikakaa juu ya jiwe naliangalia bonde lote pale chini, na mabati ya shule sijui ya wapi yanameta. Nikapata msaada wa kurudi juu, sio wa kushuka.

Kuku alishachinjwa. Odilia aliniambia alimla na walimu wenzake.

Hapo ndipo nikaapa kwamba sishuki tena ule mlima bila all-terrain za uhakika. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni nilivyolitekeleza.

Fundi matairi wangu anaitwa Kasiani, yuko jirani na stendi, mtu wa maneno machache. Aliliangalia gari, akaweka kiganja ubavuni mwa tairi kama anapima unene wa chapati. Akanieleza kwamba ile 50 ndiyo kimo cha ukuta wa tairi ukilinganisha na upana wake. Namba ikiwa ndogo, ukuta mfupi, rimu iko karibu na jiwe. Na ukuta mfupi huwezi kuupunguzia upepo ukikuta tope au mchanga.

Akasema, "Rimu hizi ni za kupigia picha. Shuka rimu 17, weka 265/70. Gari halitapungua kimo, ila tairi litakuwa na nyama."

Nikamwambia nitafikiria.

Sikufikiria chochote. Nilijiona nikifika Milepa na vile virimu vidogo, walimu wenzake Odilia wanaangalia. Mwaka na zaidi sijakanyaga pale, halafu nifike na gari limevaa viatu vya mdogo wake? Nikaamua nitafute A/T za rimu 20 hizo hizo.

Basi hapo ndipo nilipohamia humu jukwaani. Nilisoma kila uzi. Nikajifunza kuangalia tarehe ya kutengenezwa ubavuni, zile tarakimu nne, wiki na mwaka. Nikajua tofauti ya tairi la gari dogo na lile la mzigo lenye ukuta mgumu. Nikajua kwamba ukiongeza upana tairi litagusa fenda ukikata usukani. Nilikuwa najua mambo mengi kuliko watu wenye matairi.

Saizi yangu ilikuwa haipatikani hapa. Mbeya hakuna. Dar yapo, lakini mawili. Nikasubiri. Yakapatikana manne, lakini ya zamani, nikakataa. Nikasubiri.

Sasa oneni upumbavu ulipo. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja, bonde lote limekauka, pikipiki zinashuka, malori ya mpunga yanapanda, hata wenye vigari vidogo vya chini wanaenda kwa mwendo wa taratibu wanafika. Mimi mwenye four-wheel nipo Kizwite nasoma kuhusu michoro ya matairi.

Kwenye huo huo muda nilimtengenezea Odilia meza.

Aliwahi kuniambia kwamba anasahihishia madaftari kitandani, mgongo unamuuma. Nikatafuta mninga mzuri, mbao kavu. Nikapiga meza ya futi tano kwa tatu, droo kulia na kushoto, miguu nimeifunga kwa gundi na vigingi vya mbao, hakuna msumari hata mmoja. Ile ni kazi bora niliyowahi kufanya, na nasema hivyo bila aibu. Nikaiweka sebuleni, nikaifunika shuka.

Alipokuja likizo aliifunua, akapitisha mkono juu yake taratibu, mwisho mpaka mwisho. Akauliza itashuka lini.

Nikamwambia nasubiri matairi.

Akairudishia shuka yake. Akaenda kuchambua mchele. Wakuu, ningekuwa na akili, ile shuka ilivyokuwa inarudishwa ningeelewa.

Matairi yalifika mwezi wa kumi na mbili. A/T safi kabisa, meno marefu, yananukia upya. Kasiani aliyafunga. Siku ya pili yake mvua za msimu zikaanza.

Krismasi Odilia alikuwa nyumbani. Januari akashuka kwa bodaboda, na mwavuli.

Ikaanza sasa tabia yangu ya Ijumaa. Kila Ijumaa jioni nampigia. Tunasalimiana, namuuliza kama kumenyesha. Ananiambia kumenyesha. Namwambia basi tuombe Mungu wiki ijayo. Januari hivyo, Februari hivyo. Mimi nilijiona mume makini, mtu anayepima mambo kabla ya safari. Na nilikuwa na hamu naye kweli, hilo mniamini. Nilikuwa natoka asubuhi nalipiga gari moto, naliacha lingurume, nazima. Nalala upande wangu wa kitanda tu, upande wake siugusi.

Mwezi wa tatu, Jumatano, akanipigia yeye.

Alisema ameombwa awe mwalimu mkuu wa shule yake. Jibu linatakiwa Jumatatu. Akikubali, atakaa Milepa miaka kadhaa. Akikataa, anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, arudi mjini. Nikaanza kumwambia ninavyoona. Akanikatiza, akasema hilo sio la kuongea kwenye simu.

Ijumaa nikampigia kama kawaida. Nikauliza kama kawaida.

Akajibu, "Kumekauka kabisa. Njoo."

Wakuu, nilirukaruka peke yangu sebuleni.

Jumamosi asubuhi meza ikapanda juu ya keria, nimeifunga kamba na kuivisha turubai. Anga la Kizwite jeupe, jua linawaka, barabara inatoa vumbi. Nikapitia Mollo kwa mama mkwe, kuchukua unga wa ulezi wa kumpelekea mwanaye. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake, tunaongea yeye akiwa mlangoni na mimi nikiwa uani, kila mmoja anaangalia pembeni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikabidhi unga. Halafu akaangalia upande wa mlima akasema bonde limefunikwa na mawingu.

Nikamwambia mama, mwenyewe amesema kumekauka.

Akaniangalia usoni. Jambo hilo kwake ni nadra. Akasema, "Odilia amesema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akarudi na khanga kuukuu akaniwekea kwenye gari. Akasema ya kufutia miguu. Sikuelewa.

Hili ni kosa letu watu wa juu, nimekuja kuligundua. Tunaangalia anga letu na udongo wetu, halafu tunalihukumu bonde. Huku kukiwa kukavu tunaamini dunia nzima ni kavu.

Kushuka mlima, nisiwe mnafiki, matairi yalifanya kazi. Yale mawe yaliyonikata mwezi wa sita niliyapita nikiyaangalia. Meno yanashika, gari limetulia, low range inakokota. Niliimba. Nilivua sweta kona ya katikati, nikavua na soksi kwa joto.

Mlima ukaisha, tambarare ikaanza. Kilomita za kwanza poa. Halafu barabara ikabadilika rangi.

Udongo mweusi una ujanja. Juu ulikuwa na kigamba kimekauka, umepasuka vizuri, unaona kabisa ni ardhi ngumu. Nikaingia kwa kujiamini. Gari likaenda mita kama hamsini, likaanza kuteleza ubavu ubavu, likakaa.

Nikashuka kuangalia. Zile A/T nilizozitafuta nusu mwaka zilikuwa duara nne za tope. Meno hayaonekani. Udongo umejaa kwenye kila mfereji, tairi limekuwa laini kama tako la chungu.

Nikakumbuka darasa la humu, kwamba tope linataka kupunguza upepo. Nikapunguza. Nikapunguza tena kidogo. Nikaweka gia, nikakanyaga, nikakata usukani, nikasikia mlio ambao siusahau. Tairi la mbele limeachia rimu. Ukuta mfupi, Kasiani alishasema.

Nikakaa chini, mgongo kwenye mlango. Kijiji nakiona, miti yake naiona. Nilikuwa na meza juu, unga ndani, na hasira yangu yote.

Baada ya muda akatokea mzee mmoja na maksai wanne na tela. Msukuma, jina lake Luhende, familia yao walihamia bondeni na ng'ombe zamani, sasa wanalima mpunga. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akalizunguka gari polepole, akabonyeza tope la kwenye tairi kwa kidole.

Akaniambia pale hakuna tairi. Mvua ikipiga, wao wanaacha. Wanasubiri jua siku mbili, upepo siku moja, ndipo wanapita. Mwenye haraka anatembea kwa miguu. Akaniuliza ni nani aliyenidanganya nije leo, maana Jumatano na Alhamisi kumenyesha.

Nikasema ni mke wangu, mwalimu Odilia.

Mzee akasimama. "Mwalimu Odilia ana mume?" Akaniangalia juu mpaka chini. "Baba, usinielewe vibaya. Anafundisha wajukuu zangu mwaka wa pili huu. Sisi tulijua hana."

Ile sentensi ilinikaa kifuani, na mpaka leo haijatoka.

Tukaishusha meza, tukaipakia kwenye tela pamoja na unga. Luhende akaimba kitu cha kwao, maksai wakaondoka. Mimi nyuma naishika meza isiteleze, viatu nimevua, tope magotini. Khanga ya mama mkwe nimejitanda begani. Nikaelewa sasa kwa nini alinipa. Alijua mwanaye amedanganya, na alijua kwa nini, akaamua kunyamaza ili nishuke.

Tumeingia Milepa hivyo. Gari la kupunguzia watu mwendo liko porini, mimi nafuata mikia ya ng'ombe.

Odilia alikuwa mlangoni mwa nyumba yake. Sijui nani alimpelekea habari. Hakukimbia, hakucheka. Aliangalia meza, akaangalia miguu yangu, akaingia ndani akatoka na beseni la maji na kigoda. Nikakaa. Akainama akaanza kunimwagia maji miguuni mwenyewe, anasugua tope kwa kiganja.

Nikamwambia, "Ulisema kumekauka."

Hakuinua uso. "Ningesema kumenyesha, ungekuja?"

Nikaweka mkono juu ya kichwa chake tukakaa hivyo, na Luhende akajifanya anafunga kamba za nira.

Sasa meza.

Tukaibeba kuingiza ndani. Haikuingia.

Tulijaribu kwa ubavu, kwa kichwa, miguu kwanza. Mlango wa ile nyumba ni mwembamba, na ukishavuka tu kuna ukuta mbele yako, huna pa kugeuzia. Mimi maisha yangu yote napima milango ya watu. Naenda nyumba ya mteja na futi yangu, napima mara mbili. Meza ya mke wangu niliipiga bila kuujua mlango wake, kwa sababu miaka miwili sijawahi kusimama mbele yake.

Odilia naye aliliona hilo, nilimuona anaona.

Nikaazima msumeno kwa jirani. Ile miguu niliyoifunga kwa gundi na vigingi nikaikata mmoja mmoja pale uani. Niliumia, siwadanganyi. Tukaingiza uso wa meza, nikaiunganisha upya ndani kwa vipande vya mbao na misumari, msumari ule ule nisioutaka. Imekuwa fupi kidogo. Odilia akavuta kigoda akakaa, akaweka viwiko juu. Ikamfaa. Kwa kimo nilichoipiga mwanzo angesahihisha mabega yakiwa masikioni, maana pale kwake hana kiti, ana vigoda tu. Hilo nalo sikulijua.

Kitandani niliona mahali anapokaaga kusahihisha, godoro limebonyea pembeni, shimo la mtu mmoja.

Tulikula mapema, ugali wa ulezi wa mama yake na samaki. Halafu akaniambia nimwambie sasa nilichotaka kumwambia kwenye simu.

Nilichotaka kumwambia ni arudi nyumbani. Nilikuwa nimekipanga tangu Jumatano. Uhamisho, arudi Kizwite, tuishi kama watu wengine. Lakini kabla ya kula alikuwa amenitembeza shuleni. Nimeona darasa alilolipigania likaezekwa. Nimeona wasichana wa darasa la saba wanavyomfuata njiani kumpokea mkoba. Nimemsikia akiongea na wazazi, Kifipa kwa huyu, Kiswahili kwa yule, na kwa bibi mmoja maneno mawili matatu ya Kisukuma, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Nyumbani Kizwite sijawahi kumuona amesimama vile.

Nikamuuliza yeye anataka nini.

Akasema, "Nataka kukubali. Ila nilitaka unikubalie ukiwa umepaona, sio ukiwa hupajui."

Nikamwambia akubali. Nilivyolitamka lile neno nilisikia nyumba yangu ya Kizwite inakuwa kubwa zaidi. Lakini nililitamka, na silijutii.

Jumapili tulisali kigangoni, tukakaa benchi moja. Luhende alikuwa amenipa siku mbili za jua, akasema Jumatatu atakuja kunivuta. Sasa na mimi nikageuka. Tangu Januari naomba mvua ikome, lakini ile Jumapili mchana nimekaa kizingitini kwake naangalia mawingu, nilitamani inyeshe wiki nzima.

Haikunyesha. Jumatatu asubuhi Odilia alijibu kwamba amekubali. Mchana maksai wakanivuta, tairi lililoachia rimu likarudishwa kwa pampu ya fundi bodaboda, nikapanda mlima peke yangu. Juu nikavaa sweta.

Basi, wakuu, ya matairi nimalizie, maana kichwa cha uzi kinahusu matairi.

Nilienda kwa Kasiani nikamwambia nishushe rimu 17, weka 265/70, A/T, ukuta mgumu. Hakunicheka. Gari sasa halipendezi sana na linatembea vizuri sana. Kwa mawe ya ule mlima, A/T yenye nyama inatosha, huhitaji mud terrain, ile ya tope, itakayokupigia kelele kwenye lami. Angalia tarehe, angalia kama inagusa fenda, basi, nunua. Ukishazidisha wiki mbili unachagua, ujue sio tairi unalochagua, kuna safari unaikwepa. Mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kufika nikakuta ana maisha yake, na nilimkuta anayo kweli.

Na udongo mweusi hauna tairi. Msitumie siku zenu kulitafuta. Unasubiri jua au unatembea.

Mimi natembea. Nimeshashuka mara tatu tangu ile siku. Bodaboda mpaka chini ya mlima, halafu mguu, viatu mkononi. Luhende akinikuta njiani ananipandisha kwenye tela, na siku hizi ananiita mume wa mwalimu mkuu. Gari linabaki Kizwite, zamu yake ni kiangazi.

Rimu 20 zipo, hazina mkwaruzo. Mwenye gari la kuzungukia mjini aje inbox.

Ila zaidi ya rimu nataka kuwasikia nyie ambao mwenza yuko mkoa mwingine, wilaya nyingine, chini ya mlima mwingine. Mnafanyaje ile siku ya kurudi? Kushuka nimeshajua. Kupanda bado kunanishinda, nikifika ukingoni huwa nasimama kidogo naangalia nyuma. Tiririkeni hapo chini, nitasoma zote nikipata mtandao.

Leo ni Ijumaa. Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Hapa dirishani kwangu wingu la upande wa bondeni ni jeusi, na kwenye simu yake nilikuwa nasikia mabati yanapigwa kiasi kwamba anarudia maneno. Nimemuuliza kama kumenyesha.

Amesema kumekauka kabisa.

Gambuti nimeshaziweka mlangoni.